Jina Linahamishwa Singapuri

Saa tatu asubuhi, Ijumaa ya tarehe ishirini na moja Julai, 2006, Sajenti Limbu aliweka pingu juu ya meza, katikati ya kompyuta mbili, akamwambia mwenye kibanda cha intaneti achague mwenyewe: aeleze hapo hapo, au akaelezee kituoni.

"Afande, mimi sijaiba kitu," Enock alisema.

"Jina la chama limechukuliwa. Nenosiri unalo wewe peke yako. Na watu wanaojua mambo haya Sumbawanga nzima hawajai hata benchi hili. Sasa nimkamate nani, printa?"

Enock alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, kofia ya sufi kaishusha mpaka masikioni, maana Julai ya mji huu haina utani na mtu. Aliitazama pingu, kisha akamtazama Coleta aliyekaa kwenye benchi, sweta juu ya kanga mbili, faili kalikumbatia kifuani.

Coleta ndiye katibu wa Chama cha Wakulima wa Ulezi cha Mpui. Mwalimu wa zamani huyo, sauti yake bado ya darasani. Saa moja kamili alikuwa kaunta ya polisi kuripoti kwamba chama chake kimeibiwa jina. Askari wawili wa zamu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jina linaibwaje, mama? Umekuta mwingine anaitwa Coleta? Limbu hakucheka. Si kwamba alielewa, hakuelewa hata chembe. Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja: mtu mzima akikatiza baridi ile kuja kusema ameibiwa, Limbu alitaka kwanza ajue kilichoibwa, ndipo acheke kama kuna cha kuchekesha.

"Nieleze taratibu," alimwambia Enock. "Mimi siyo mtu wa kompyuta."

"Wewe ni Msukuma, afande?"

"Hilo linaingiaje hapa?"

"Wazee wako wana ng'ombe?"

"Wanao. Kule bondeni."

"Ng'ombe akihama kijiji kwenda kijiji kingine, inatakiwa nini?"

"Kibali. Kijiji anakotoka wanaandika kwamba huyu ni wa fulani na fulani mwenyewe karidhia. Anakokwenda wanampokea kwa kibali hicho."

"Umemaliza kila kitu," Enock alisema. "Jina la tovuti ni ng'ombe. Hili la chama, uleziufipa.com, nililiandikisha mwenyewe miaka mitatu iliyopita kwenye kampuni moja ya Kanada. Kampuni ya namna hiyo inaitwa msajili. Anatunza jina, anaandika mwenyewe ni nani. Tovuti ya chama inakaa kwenye jina hilo, na barua pepe zote za chama zinapitia humo humo. Sasa kuna mtu ameomba jina litoke Kanada, liende kwa msajili mwingine, Singapuri. Na kibali amepata."

"Kampata nani wa kumpa kibali?"

"Sisi wenyewe. Ndivyo Kanada wanavyosema."

Alimpa karatasi. Ilikuwa nakala ya barua iliyotumwa Kanada kwa faksi. Juu kabisa palikuwa na kichwa cha barua cha chama, chini saini mbili na muhuri wa mviringo, na katikati Kiingereza cha kujikaza: chama kimepoteza barua pepe yake ya zamani, kinaomba mawasiliano yote sasa yaende kwenye anwani mpya. Kanada waliona saini, wakaona muhuri, wakabadilisha. Aliyekuwa na anwani mpya akaomba namba ya siri ya kuhamishia jina, akapewa, akaipeleka Singapuri. Utaratibu ni kwamba msajili wa zamani anamtumia mwenye jina taarifa, halafu anasubiri siku tano kama kuna pingamizi.

"Na taarifa ikaenda kwa mwizi," Limbu alisema.

"Umeona? Mwizi kaulizwa kama anakubali kuiba. Mimi nimestuka juzi tu, nilipotaka kubadilisha picha kwenye tovuti, nenosiri likakataa. Nikawaandikia Kanada. Jana wamejibu kwa kunitumia hii nakala, wakasema kama tunapinga tulete ushahidi, siyo maneno."

"Siku tano zinaisha lini?"

"Leo. Saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Na ofisi yao inafunguliwa saa kumi. Jina likishatua Singapuri, kulirudisha ni wakili, ni Kiingereza, ni mwaka mzima."

Coleta alizungumza kwa mara ya kwanza. "Jumatatu mnunuzi wetu wa Ujerumani anatuma mkataba kwenye anwani hiyo. Hatujui kwa sura, hajui kwetu. Anaijua anwani tu. Atakayempokea ndiye atakayekuwa Mpui, afande. Sisi tutakuwa matapeli."

Akaeleza yaliyobaki, na hapo sauti ya darasani ikamtoka. Tangu soko huria lije, kila mwenye lori amekuwa bwana wa mkulima. Anakuja na bei yake na mizani yake, na ukibisha anawasha gari. Mwaka huu familia arobaini na tatu za Mpui zilikataa. Ulezi wote uko ndani, haujauzwa hata gunia. Lakini tangu jana asubuhi malori matatu kutoka Tunduma yamelala pale kijijini, na matingo, vijana wa kupakia mizigo, wanapita nyumba kwa nyumba wakisema Mzungu hayupo, mmedanganywa, jina lenyewe limekwisha. Watoto wanataka sare, watu wameanza kuyumba. Mzee Basil, mwenyekiti, amewaomba wasubiri mpaka jua la leo lizame. Chama kisipokuwa na neno la uhakika ifikapo hapo, kila mtu auze anavyojua.

"Na wakiuza?" Limbu aliuliza.

"Chama kimekufa leo leo."

Limbu aliisogeza ile nakala dirishani. Kwenye ukingo wa juu mashine ya faksi ilikuwa imechapa mstari mdogo, kama mashine zote zifanyavyo: Tunduma, tarehe kumi na mbili Julai, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

"Enock. Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Kituoni kwenu."

"Usinitanie."

"Sikutanii, afande. Nilikuja kuripoti betri ya gari iliyoibwa. Ulinifungulia taarifa wewe mwenyewe. Ukaenda kunywa chai, ukaniacha kwenye benchi mpaka saa nane."

Limbu akakumbuka. Aliichukua pingu taratibu akairudisha kiunoni.

"Betri uliipata?"

"Si wewe ndiye ninayekuuliza kila siku?"

Hapo hata Coleta alitabasamu, kidogo tu. Limbu akamwomba faili la chama, akatoa daftari la mihtasari, akaliweka kando ya nakala. Alizichunguza zile saini mbili kwa muda mrefu, moja baada ya nyingine, kwenye mihtasari ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Miaka sita ya kesi za hundi na hati za viwanja ilikuwa imemfundisha kitu kimoja: mtu anayeghushi saini anachora, na kuchora kuna kusitasita. Hizi hazikusita popote.

"Mama, umeniambia kituoni kwamba saini zimeghushiwa."

"Ndiyo."

"Siyo kweli. Hii yenye mkia mrefu ni ya Mzee Basil, na ni yake mwenyewe. Hii ya pili ni ya mhazini, Zenon. Nayo ni yake. Basi nipigie huyo Zenon, nataka kuongea naye."

Coleta hakugusa simu. Alitazama sakafu.

"Zenon tulimzika Jumatatu ya Pasaka," alisema.

Enock aliacha kubofya. Limbu akaitazama tena barua: Julai, tarehe kumi na mbili. Pasaka ilikuwa Aprili.

"Sasa marehemu amesaini akiwa wapi?"

Yule mama, aliyekuwa hajaogopa kaunta ya polisi wala vicheko vyake, akajifunika uso na ncha ya kanga.

"Ni aibu yetu, afande. Karatasi tulizisaini zikiwa tupu."

Likatoka lote. Mimi napanga chumba hapa mjini, alisema, wao wako Mpui. Masika barabara inakuwa tope tupu, barua moja ya kwenda halmashauri inachukua wiki nzima kutafuta saini mbili. Basi kila mwanzo wa mvua mwenyekiti na mhazini wanakaa, wanasaini karatasi kumi na ushee zenye kichwa cha barua, wanagonga muhuri, wananipa. Ikitokea haja, naandika juu. Vyama vyote vinafanya hivyo. Shule zinafanya, hata kamati za maji. Hakuna aliyewahi kuona ni kosa, mpaka leo.

"Ndiyo maana ukasema zimeghushiwa."

"Ningesemaje? Kwamba tulimpa mwizi kisu, tukamwekea na mpini?"

Limbu hakumkaripia. Aliuliza tu maswali yake, moja moja. Ulipewa ngapi? Kumi na mbili. Ulitumia ngapi kabla ya Pasaka? Saba. Tano ziko wapi? Coleta alifungua daftari la mihtasari, ukurasa wa mwezi Mei. Pale paliandikwa kwa mkono wake kwamba baada ya kuanua matanga kamati ilikutana, karatasi tano zenye saini ya marehemu zikachomwa mbele ya wajumbe tisa, na majina yao yakafuata. Nani angekubali saini ya marehemu izurure mezani? Karatasi mpya zote zina saini ya mhazini mpya.

"Kwa hiyo hakuna karatasi ya Zenon iliyobaki duniani," Limbu alisema.

"Hakuna."

"Ila hii."

Coleta alikunja uso, akahesabu kwa vidole, akarudia. Kisha mkono wake ukabaki hewani.

"Cleophas," alisema.

Cleophas, mtu wa Mollo, alikuwa wakala wa chama, mwenye kazi ya kutafuta magari na kusafirisha ulezi kutoka Mpui kuja hapa mjini. Pale kwenye kizuizi cha mazao, mzigo wa chama haupiti bila barua yenye namba ya gari. Lakini namba ya gari ataijua nani kabla gari halijapatikana? Basi Januari walimpa Cleophas karatasi zake nne tupu, ajaze mwenyewe akiwa njiani. Februari wakagombana naye kuhusu mizani, akaondoka kwa matusi, akahamia Tunduma. Alipoulizwa karatasi alisema zote zimeishia kizuizini. Tangu hapo hajakanyaga Mpui.

"Hata kuzika hakuja?"

"Nani angempigia? Tulisema ni jeuri yake."

Limbu alisimama. "Mama, njoo. Twende tukazihesabu."

Kizuizi kilikuwa mwisho wa mji, kwenye barabara ya kwenda Mpui: bomba lililopakwa nyeupe na nyekundu, kibanda cha mabati, na Mzee Oswaldi, ambaye kwa miaka kumi na nne alikuwa akiinua bomba lile na kulishusha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huna ng'ombe wa kupitisha leo?"

"Leo natafuta barua. Za chama cha Mpui, za kuanzia Januari. Huwa mnazitupa?"

Mzee Oswaldi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Aliingia ndani akatoka na waya mrefu uliotungwa barua, akaziweka juu ya pipa, akaanza kuzichomoa kwa utaratibu wa mtu anayejua kila moja. Tangu aanze kazi, alisema, karatasi yake haijapotea hata moja, isipokuwa ile iliyoliwa na mbuzi mwaka wa tisini na nane, na hiyo nayo aliiandikia maelezo.

Akatoa ya kwanza: tarehe kumi na nane Januari. Ya pili: mwisho wa Januari. Ya tatu: tarehe tisa Februari. Zote mwandiko wa Cleophas, mviringo na wa kujidai, na chini yake Basil na Zenon, na muhuri. Limbu akasubiri ya nne. Mzee Oswaldi akafunga waya wake.

"Hizo tu."

"Mzee, alipita mara tatu? Una hakika?"

"Gari likipita na barua, barua iko kwenye waya. Likipita bila barua, limo kwenye daftari na mwenyewe ametozwa faini. Daftari hili hapa. Kama mara ya nne ipo, basi alipita akiwa angani."

Coleta aliinamia lile daftari, akapitisha kidole mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi, kama anasahihisha mitihani. Hakukuwa na safari ya nne. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakulia.

"Karatasi nne, safari tatu," alisema.

"Na moja imekwenda Kanada," Limbu alisema. "Mzee, hizi tatu nakuandikia hati, nazichukua kama vielelezo. Na huyu Cleophas mara ya mwisho umemwona lini?"

"Jana saa nane. Katoka huko Tunduma na gari dogo jeupe, na koti la ngozi. Kanipungia mkono kama mheshimiwa. Amepanga ghala mtaa wa Izia, karibu na mashamba, anasema malori yake matatu yatalijaza ulezi wa Mpui."

Limbu akatazama saa. Saa saba na robo.

Walimkuta Izia mbele ya ghala tupu, kajianika juani kwenye kiti cha plastiki, sahani ya kuku mapajani. Ghala lilikuwa limefagiliwa safi, tayari kupokea. Coleta alibaki ndani ya Land Rover kama alivyoagizwa, na kioo akakifungua kidogo. Limbu alishuka peke yake, mabega kayaangusha, daftari mkononi, sura ya askari aliyechoka anayetaka kumaliza kazi akalale.

"Karibu chakula, afande," Cleophas alisema.

"Nimeshiba, bosi. Nimeletewa malalamiko ya wale wa Mpui. Sijui jina, sijui Singapuri. Mambo yenyewe siyaelewi. Nataka maelezo mafupi tu nifunge faili."

Cleophas akacheka, akafuta vidole. "Wale hawajui wanachotaka. Wenyewe walinipa kazi ya kuhamisha jina. Singapuri huduma ni nzuri zaidi. Leo wanageuka."

"Waliandika?"

"Barua ipo Kanada. Saini za viongozi na muhuri."

"Waliosaini ni nani?"

"Mwenyekiti Basil na mhazini Zenon. Waulize."

"Walisaini ukiwepo, au uliletewa tu? Wakubwa watanibana hapo."

"Nikiwepo. Kwa macho yangu."

Limbu aliandika polepole, akiutoa ulimi pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la pili. "Siku gani?"

"Jumatatu tarehe kumi. Jumatano yake nikaituma kwa faksi kutoka Tunduma."

"Mwezi huu?"

"Mwezi huu."

"Mlikuwa mmekaa wapi?"

"Mpui. Nilianza kwa Basil, nikamalizia nyumbani kwa Zenon."

"Alikuwa na hali gani, huyo Zenon? Nasikia ana umri."

"Mzima kabisa. Mguu kidogo unamsumbua. Tulikunywa chai, akasaini, akanisindikiza mpaka barabarani."

"Hayo ndiyo maelezo yako? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Anilazimishe nani?"

"Yasome, usaini hapa. Na hapa."

Cleophas alisoma, akasaini mara mbili kwa mwandiko wake wa kujidai. Limbu akafunga daftari, akalitia ndani ya koti, akafunga kifungo. Kisha mabega yake yakarudi mahali pake.

"Mama Coleta," aliita bila kugeuka. "Njoo umsalimie mwenzako. Mwambie habari za Zenon."

Mlango wa Land Rover ulifunguliwa. Coleta alikuja mpaka mbele ya kile kiti, akasimama na faili lake, na alipoongea sauti ilikuwa ya chini kabisa.

"Zenon alifariki siku ya Pasaka, Cleophas. Hapa mjini, hospitali. Tulimzika kesho yake, na mimi ndiye niliyeshika msalaba mbele. Wewe umekunywa naye chai wiki iliyopita?"

Sahani ilianguka. Cleophas akamtazama Limbu, akatazama barabara, kisha mashamba. Akaanza kusema kwamba labda ilikuwa mwezi mwingine, labda amechanganya, labda aliyesaini alikuwa mdogo wake Zenon.

"Umesaini mara mbili," Limbu alisema. "Na kizuizini una barua tatu tu. Ya nne nitakusomea mahakamani. Simama, bosi, uko chini ya ulinzi kwa kughushi hati."

Safari hii pingu ilipata mtu wake. Coleta alikuwa bado amesimama pale pale.

"Uliponiudhi kuhusu mizani nilikusamehe," alimwambia Cleophas. "Lakini kumtoa marehemu kaburini akusaidie kuiba? Huyo alikuwa anakuita mwanangu."

Cleophas aliinamisha kichwa.

Saa kumi kasorobo kibanda cha Enock kilikuwa kimefungwa kwa wateja wengine. Enock alipitisha kwenye skana kila kitu alichopewa: kibali cha mazishi cha Zenon chenye muhuri wa hospitali, ambacho chama kilikitunza kwa sababu ndicho kilichosimamia msiba, ukurasa wa muhtasari wa Mei, barua tatu za kizuizini, maelezo ya Cleophas yenye saini mbili, na barua ya polisi, ambayo mkuu wa kituo aliisaini bila kucheka hata kidogo baada ya kuisoma yote. Coleta akamtajia Kiingereza chenyewe achape, sentensi fupi fupi, za mwalimu. Hati mliyoipokea ina tarehe kumi na mbili Julai. Mmoja wa waliosaini alifariki tarehe kumi na sita Aprili. Karatasi ilisainiwa ikiwa tupu, ikaibwa. Sisi ndio wenye jina. Tunapinga.

"Niandike kabisa kwamba ilikuwa tupu?" Enock aliuliza. "Si mtaonekana washamba?"

"Andika. Nimeshaficha mara moja leo, ikanipotezea saa nzima."

Saa kumi na dakika tatu Enock alibofya. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa kwenye kioo, polepole, picha moja moja, kwa ule mwendo wa intaneti ya simu. Umeme ukakatika saa kumi na robo, Enock akatoka mbio kuwasha jenereta, akaanza upya. Saa kumi na dakika arobaini zilikuwa zimekwenda zote.

Kisha ikawa kusubiri. Limbu, aliyewahi kulala siku mbili porini akisubiri wezi wa ng'ombe, aligundua kwamba hajawahi kusubiri kitu kibaya namna hii. Saa kumi na moja Kanada waliandika kwamba wamepokea na mhusika anasoma. Saa kumi na moja na nusu, kimya. Simu ya Coleta iliita, akatoka nje kuongea, akarudi uso umemsawajika.

"Mzee Basil. Wameshaanza kutoa magunia nje. Mizani ya malori imesimikwa. Anasema watu kumi na saba wako kwenye foleni, na jua liko juu ya mlima."

"Mwambie asubiri," Limbu alisema.

"Nimemwambia. Anasema yeye anasubiri, jua ndilo halisubiri."

Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane, kompyuta ikalia. Enock akafungua. Alisoma kimya, midomo ikichezacheza, na Coleta akamshika bega kwa nguvu mpaka akajikunja.

"Soma kwa sauti, wewe mtu."

"Wanasema wamepitia ushahidi. Wanasema hati ilikuwa ya udanganyifu. Uhamisho umekataliwa. Singapuri wamejulishwa." Akashusha ukurasa. "Jina linabaki kwa wenyewe. Wanataka tuwape anwani sahihi ya mwenye mamlaka, na wanalifunga lisihamishwe tena bila simu ya mdomo kutoka kwa katibu mwenyewe. Afande, tumeshinda. Tumewapiga."

Limbu alimshika mkono, akautikisa mpaka kofia ya sufi ikamshuka machoni. Aliwahi kukamata majambazi wenye bunduki na kupewa cheti na mkuu wa mkoa, na hakuwahi kufurahi kama alivyofurahi mbele ya kile kioo kwa kitu asichoweza kukishika wala kukiona.

Coleta hakushangilia. Alikuwa tayari kabonyeza simu, kaiweka sauti ya nje, kaishika mbele ya uso kwa mikono miwili. Iliita muda mrefu. Upande wa pili ulipopokelewa palisikika upepo, na injini ya lori ikinguruma, na mtu akitaja uzito wa gunia.

"Mzee Basil, jina ni letu," alisema. "Kanada wamekataa. Jumatatu Mjerumani anatukuta sisi. Na mwenye malori hayo ni Cleophas, yuko ndani."

Sauti ya Mzee Basil ikasikika, imesogea mbali na simu, ikipaaza maneno kwa Kifipa. Injini ilinguruma kidogo zaidi, halafu ikazimwa. Vigelegele vikaanza, kwanza mwanamke mmoja, kisha wengi, mpaka simu ikakoroma mkononi mwa Coleta.

"Amewaambia nini?" Limbu aliuliza.

Coleta alifuta machozi kwa kiganja, na hakuona haya.

"Amewaambia warudishe magunia ndani," alisema.